Kidato cha tano, chuo cha kati au ufundi: upime vipi baada ya matokeo ya kidato cha nne

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, nyumba nyingi Tanzania huingia kwenye mjadala uleule. Baba anataka kidato cha tano kwa sababu ndiyo njia anayoijua. Shangazi anamtaja binti wa jirani aliyesoma stashahada ya famasia na sasa ana kazi. Mjomba mwenye gereji anasema mleteni kwangu, miaka miwili tu atakuwa fundi kamili. Mwenye matokeo yenyewe, ambaye ndiye atakayeishi na uamuzi huo, amekaa pembeni na simu yake akisubiri kuambiwa.

Ninaandika kwa ajili yake kwanza, kisha kwa wale watakaomlipia. Njia tatu ninazozilinganisha hapa ni kidato cha tano na sita, chuo cha kati kinachotoa astashahada na stashahada, na mafunzo ya ufundi stadi, yawe VETA, yaani vyuo vya mamlaka ya ufundi stadi, au chini ya fundi mtaani. Zote ni njia halali, na zote zinaweza kumfikisha mtu chuo kikuu akitaka. Ila kila moja inamdai kitu tofauti.

Vigezo vya kupimia

Nitapima kwa mambo sita. Sifa: matokeo yako yanakuruhusu kuingia wapi. Muda: ni miaka mingapi hadi siku ya kupokea malipo ya kwanza. Gharama, zile zilizoandikwa kwenye fomu na zile zisizoandikwa. Vitendo: lini utaishika kazi kwa mikono yako, na nani atathibitisha kwamba uliishika. Mlango wa chuo kikuu: upo, na una masharti gani. Mwisho, ukikwama katikati unabaki na nini mkononi. Hiki cha mwisho watu hukisahau, na kwa maoni yangu ndicho kizito kuliko vyote kwa familia ambayo kipato chake ni cha kubahatisha.

Usome mstari wako wa matokeo kwanza

NECTA, Baraza la Mitihani, huandika matokeo ya kila mtahiniwa kwenye mstari mmoja. Tuchukue mfano wa kubuni, ila wa aina inayoonekana kila mwaka: CIV C, HIST D, GEO C, KISW B, ENGL C, PHY D, CHEM C, BIO C, B/MATH F. Yanahesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ikiwa pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Jumla hapa ni pointi 21, yaani daraja la pili. Nyumbani watashangilia, na wana haki ya kushangilia.

Ila anayechagua njia asiishie kwenye daraja. Asome somo kwa somo, maana huko anakokwenda hakuna atakayemuuliza daraja peke yake. Mwanafunzi huyu ana C za Kemia, Biolojia na Jiografia, kwa hiyo tahasusi ya CBG, yaani mchanganyiko wa masomo hayo matatu kwa kidato cha tano, inamkaa vizuri. PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) inamweka mpakani kwa sababu ya D ya Fizikia. Kozi nyingi za uhandisi katika vyuo vya kati zinataka Hisabati na Fizikia, na F yake ya Hisabati inamfungia mlango huo. Stashahada ya utabibu inataka ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia, na hapo D ya Fizikia inatosha.

Sasa tuseme ndoto yake ni udaktari wa binadamu. Akichagua CBG kwa sababu ndiyo rahisi kwake, mlango huo unafungwa, kwani shahada ya udaktari inataka Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha sita. Akipitia stashahada ya utabibu, mlango uko wazi kwa mwenye ufaulu mzuri chuoni, lakini mwongozo wa TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, umekuwa ukidai pia angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Ile F ya Hisabati, ambayo leo hakuna anayeijali, itamsubiri pale getini miaka mitatu baadaye. Dawa yake ipo: kurisiti, yaani kurudia mtihani wa Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea wakati angali mwaka wa kwanza chuoni, somo bado liko kichwani. Alama za kidato cha nne hazifutwi na cheti kinachofuata. Zinaendelea kuulizwa.

Sifa za kuingia

Kidato cha tano kinataka kredi tatu, yaani C au zaidi katika masomo matatu yasiyo ya dini, na kwa shule za serikali jumla ya pointi isizidi 25. Upangaji unafanywa na TAMISEMI kwa kufuata machaguo uliyojaza kwenye Selform kabla ya kumaliza shule. Baada ya matokeo hufunguliwa dirisha la kubadili machaguo hayo. Litumie! Uliyejaza fomu ukiwa na matumaini ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) si lazima ubaki nayo ukiwa umepata D ya Fizikia na B ya Historia.

Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa, zikafika 65 kutoka zile chache zilizozoeleka. Ni jambo jema kwa wenye vipaji vya lugha, sanaa, michezo na biashara, ila hazifundishwi zote katika kila shule. Kabla hujavutwa na tahasusi mpya, fungua mwongozo wa udahili wa TCU uone ni shahada zipi zinaipokea.

Chuo cha kati, kwa kozi nyingi, kinataka ufaulu wa D nne katika masomo yasiyo ya dini kuingia ngazi ya nne ya NTA, ambayo ndiyo ngazi ya kuanzia kwa anayetoka kidato cha nne, pamoja na masomo maalumu ya kozi husika. Kozi za afya kwa upande wa Bara maombi yake hupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi. Kozi nyingine unaomba moja kwa moja chuoni. Wapo pia wanaopangiwa vyuo na TAMISEMI kupitia ileile Selform.

VETA inapokea hata waliomaliza darasa la saba, kwa hiyo aliyefika kidato cha nne, hata akiwa na daraja sifuri, hajakosa mahali. Fani zinazokimbiliwa, kama umeme na magari, huwa na ushindani, na vyuo vingine huwafanyia waombaji usaili. Kwa fundi wa mtaani sifa ni moja tu: akukubali.

Muda

Tumhesabie aliyemaliza kidato cha nne Novemba 2025, bila ajali njiani.

Kidato cha tano huanza Julai, kwa hiyo anaripoti Julai 2026 na kufanya mtihani wa kidato cha sita Mei 2028. Wahitimu wa kidato cha sita huitwa JKT kwa mujibu wa sheria, miezi mitatu, kisha chuo kikuu karibu Oktoba. Shahada ya miaka mitatu inaisha 2031, uhandisi 2032, udaktari 2033 na juu yake mwaka wa mafunzo ya utarajali hospitalini.

Chuo cha kati huanza Septemba au Oktoba, vingine vina udahili wa Machi. Kutoka kidato cha nne ni miaka mitatu, ngazi ya 4, ya 5 na ya 6, hivyo stashahada inapatikana katikati ya 2029. Hapo anaweza kuajiriwa, au kuunganisha shahada mwaka huohuo na kuimaliza mwaka mmoja hivi nyuma ya mwenzake wa kidato cha sita. Mwaka mmoja ndio tofauti yote. Wazazi wengi hudhani ni mingi zaidi.

VETA ina ngazi tatu, kila moja takriban mwaka. Kozi ndefu huanza Januari, na maombi hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia, kabla hata matokeo hayajatoka. Anayesubiri matokeo ndipo aamue hujikuta akisubiri Januari nyingine. Kozi fupi za miezi michache zipo karibu mwaka mzima. Kwa fundi wa mtaani hakuna kalenda: ni pale fundi atakapoona unaweza kuachiwa kazi ya mteja peke yako.

Gharama

Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Hiyo haimaanishi kwamba ni bure. Fomu ya kujiunga itataja godoro, shuka, ndoo, sare, jembe au fyekeo, rimu za karatasi, na michango iliyokubaliwa. Halafu kuna nauli, na hii ndiyo inayowaumiza watu: mtoto wa Mtwara anaweza kupangwa Kagera, na likizo ni mbili kwa mwaka. Kwa shule binafsi hesabu ni nyingine kabisa.

Chuo cha kati ndiyo njia ghali zaidi ukiangalia miaka mitatu ya kwanza. Katika vyuo vingi ada ni laki kadhaa hadi zaidi ya milioni kwa mwaka, na vyuo binafsi vya afya viko upande wa juu. Kuna chumba, chakula, bima, sare za wodini au ovaroli, na nauli za kwenda field, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Kuanzia 2023/24 Bodi ya Mikopo, HESLB, inatoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada, ila kwa maeneo ya kipaumbele tu, yakiwamo afya, ualimu wa sayansi na hisabati, usafiri, nishati na madini, kilimo na mifugo. Usiandikishe mtoto kwa kutegemea mkopo kabla hujaona jina la kozi yake kwenye mwongozo wa HESLB wa mwaka huo.

VETA ya serikali ndiyo nafuu. Kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu imekuwa shilingi 60,000 kwa kutwa na 120,000 kwa bweni kwa mwaka, ukiacha vifaa na mahitaji binafsi. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, FDC, ambavyo viko 54 nchi nzima, ni nafuu vilevile na vingi viko karibu na vijiji. Serikali pia ina programu ya uanagenzi inayolipia vijana mafunzo ya muda mfupi, kwa hiyo ulizia kwa afisa vijana wa halmashauri. Kwa fundi wa mtaani wengine hawadai kitu, wengine wanataka ada ya kufundishwa. Mkubaliane mapema, mbele ya mzazi: analipa nani, kwa muda gani, na mtoto atakula nini mchana. Mapatano yasiyosemwa ndiyo yanayomfanya kijana afagie gereji mwaka mzima bila kushika spana.

Linalofanana kwa kidato cha sita na stashahada ni kwamba wote wanaweza kuomba mkopo wa shahada. Wenye ufaulu wa juu kabisa wa sayansi kidato cha sita wana pia Samia Scholarship, iliyoanza 2022/23.

Vitendo na uzoefu wa kazi

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana waziwazi.

Kidato cha tano na sita ni darasa. Wa sayansi wataingia maabara, lakini hakuna kazi ya mtu halisi utakayoifanya. Ukitoka pale huna uzoefu wa kumwonyesha mwajiri, na njia yenyewe haikuahidi huo uzoefu. Inakuahidi msingi mpana na muda wa kukua. Kwa mtu wa miaka kumi na saba ambaye bado hajui anataka nini, hilo ni jambo kubwa.

Ila tazama kalenda tena. Kutoka Novemba hadi Julai ni miezi minane. Kutoka Mei ya kidato cha sita, ukiondoa JKT, kuna wiki nyingine kadhaa kabla ya chuo kikuu. Huu ndio muda unaopotea bure kuliko wote. Katika miezi minane kijana anaweza kumaliza kozi fupi ya VETA ya kompyuta, udereva, ushonaji au umeme wa majumbani, au akashinda kwenye duka la mtu mwaminifu akijifunza kuweka mahesabu ya kila siku, kuhesabu mzigo na kuongea na mteja mwenye hasira. Si lazima alipwe. Ahakikishe tu anaandika: tarehe, kazi aliyofanya, jina na simu ya aliyemsimamia. Daftari hilo la shilingi mia tano litamsaidia siku atakapoulizwa kwenye usaili amewahi kufanya kazi gani.

Chuo cha kati kinakuingiza kazini mapema kwa utaratibu. Mwanafunzi wa utabibu au uuguzi anazunguka wodini na kliniki akiwa chini ya wataalamu. Wa ufundi sanifu katika vyuo kama DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), Chuo cha Ufundi Arusha au Chuo cha Maji ana karakana chuoni, na kila mwaka anapelekwa field, awe TANESCO, mamlaka ya maji au kampuni ya ujenzi. Kitabu chake cha field kinasainiwa na msimamizi, na kina alama.

Nawasihi wanafunzi wa vyuo wasiichukue field kama likizo. Wapo wanaotafuta sehemu ya karibu na nyumbani, wanaripoti siku ya kwanza, wanarudi siku ya mwisho kugongewa muhuri. Amepoteza nini? Amempoteza mtu mmoja ambaye angeweza kumkumbuka nafasi ikitokea. Kazi nyingi za kwanza hupatikana kwa kukumbukwa. Ukipelekwa field, fika kabla ya fundi, omba kufanya ile kazi ambayo wengine wanaikimbia, na mwisho omba barua inayotaja ulichofanya kwa majina yake: ulifunga mita, ulipima mgandamizo wa maji, uliandika ripoti ya wiki. Barua ya "alikuwa mwenye nidhamu" peke yake haimsaidii mtu.

Baada ya stashahada, fani nyingi zina bodi au baraza. Mtabibu anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga, fundi sanifu wa uhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ulizia masharti ya usajili kabla ya kulipa ada ya mwaka wa kwanza.

Ufundi stadi ni vitendo tangu wiki ya kwanza. Umeme, uashi, useremala, uchomeleaji, ushonaji, mapishi, magari: unafanya, unakosea, unarudia. Faida nyingine inayonyamaziwa ni lugha. Karakana nyingi huendeshwa kwa Kiswahili, na kijana aliyedhaniwa mzito darasani kwa sababu ya Kiingereza hugundulika kuwa mwepisi sana.

Cheti kina uzito hapa kuliko wengi wanavyodhani. Fundi umeme anayetaka kufanya usakinishaji kihalali anahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na leseni inaanzia kwenye cheti. Fundi hodari asiye na karatasi atafanya kazi chini ya jina la mwingine na kugawana naye malipo. Kwa waliojifunza mtaani kuna njia nzuri sana, ya kurasimisha ujuzi: VETA inampima fundi kazini kwake, inamjazia mapengo, na akifaulu anapewa cheti. Kwa hiyo aliyeanzia gereji hajafungiwa nje.

Mlango wa chuo kikuu

Kutoka kidato cha sita, kiwango cha chini cha TCU ni prinsipo mbili, yaani ufaulu wa A hadi E katika masomo mawili, zenye jumla ya pointi 4.0 katika masomo yanayohusika na shahada unayoomba, A ikiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. D mbili zinatosha kwa karatasi. Kwa kozi zinazogombaniwa hazitoshi, kwa sababu kukidhi vigezo ni tofauti na kuchaguliwa.

Kutoka stashahada, kiwango cha chini ni GPA (wastani wa alama za chuoni) ya 3.0 au wastani wa B, ufaulu wa D nne za kidato cha nne, na shahada iwe inaendana na ulichosoma. Sharti hilo la mwisho ndilo gharama halisi ya chuo cha kati: unachagua mwelekeo ukiwa na miaka kumi na saba, na kugeuka baadaye ni kugumu. Aliyesoma stashahada ya uhasibu hataingia uuguzi. Wa kidato cha sita mwenye PCB bado anaweza kufikiria udaktari, famasia, kilimo, sayansi ya mazingira au ualimu. Utahitaji pia namba ya uhakiki ya NACTVET, AVN, wakati wa kuomba. Iombe mapema matokeo yakishathibitishwa, maana wapo wanaokosa dirisha la udahili kwa ajili ya namba tu.

Kutoka VETA njia ni ndefu, lakini ipo. Cheti cha ngazi ya tatu kinapokelewa na baadhi ya vyuo kuingia ngazi ya nne ya NTA kwa masharti ya kozi, kisha stashahada, kisha shahada. Masharti hayo mara nyingi hugusa tena ufaulu wa kidato cha nne, kwa hiyo mwenye D moja tu afikirie kurisiti masomo mawili matatu akiwa VETA.

Ukikwama katikati

Mwanafunzi wa kidato cha sita aliyepata daraja sifuri anabaki na cheti chake kilekile cha kidato cha nne, umri ukiwa umesogea. Aliyepata prinsipo moja na sabsidiari moja (ufaulu wa chini ya prinsipo) ana nafuu: kozi kadhaa za stashahada zinampokea na kumaliza kwa miaka miwili. Kidato cha tano kinalipa vizuri kwa anayefaulu na kinaumiza anayeanguka.

Chuo cha kati kina ngazi, na kila ngazi ina cheti chake. Ada ikikata baada ya mwaka wa pili, unaondoka na astashahada, na ukipata hela unaweza kurudi kumalizia. Sapu (kurudia mtihani wa somo) zipo, na kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli) kupo pia, hasa mwaka wa kwanza wa kozi za afya na uhandisi, ambako kasi ni kubwa na Kiingereza cha kitaalamu kinaanza ghafla. Hatari nyingine ni chuo chenyewe. Kabla ya kulipa hata senti, angalia kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET kama chuo kimesajiliwa na kama kozi ile imeidhinishwa pale. Vyote viwili. Chuo kinaweza kuwa halali na kozi moja ikawa haijaidhinishwa.

Wa ufundi stadi ndiye anayepoteza kidogo zaidi akisimama katikati, kwa sababu alichojifunza kinauzika siku ileile. Hatari zake ni nyingine: soko la mtaa likijaa mafundi wa fani moja, kuumia kazini bila bima, na kukosa mtaji wa vifaa. Fundi cherehani bila cherehani yake anaajiriwa kwa bei ya mwenye cherehani.

Nani aende wapi

Kama una kredi nzuri, hasa C na kuendelea katika masomo matatu yanayounda tahasusi moja, hujui bado unataka kazi gani, na nyumbani wanaweza kukungoja hadi miaka sita bila kipato chako, kidato cha tano kinakupa uwanja mpana zaidi. Kinakufaa pia kama unalenga shahada zenye ushindani mkali na uko tayari kusoma kwa bidii kupata A na B. Tumia miezi minane ya kungoja kupata ujuzi mmoja wa mkono.

Kama unajua fani yako, una D nne zinazogusa masomo yanayotakiwa, na familia inaweza kubeba ada ya miaka mitatu au kozi yako imo kwenye orodha ya mikopo, chuo cha kati kitakufikisha kazini mapema. Uthibitishe hilo "najua fani yangu" kwanza: kaa wiki moja hospitalini, maabara au saiti ya ujenzi uone kama unaipenda kazi au unalipenda jina lake. Zahanati na mafundi wengi hukubali wakiombwa kwa heshima.

Kama kredi unazo na fani unaijua pia, yaani milango yote miwili iko wazi, amua kwa kigezo cha kukwama. Kipato cha nyumbani kikiwa kinategemea mvua au biashara ndogo, njia inayotoa cheti kila mwaka ni salama zaidi. Kipato kikiwa thabiti, unaweza kubeba hatari ya kidato cha sita.

Kama matokeo hayakuwa mazuri, au mikono yako inaelewa haraka kuliko daftari, au nyumbani wanahitaji msaada wako ndani ya mwaka mmoja au miwili, nenda VETA, FDC au kwa fundi mzuri, na lenga cheti tangu siku ya kwanza. Akina mama wadogo walioacha shule nao wasijione wamechelewa: FDC nyingi hupokea wazazi vijana, na baadhi zina mahali pa kuangalia watoto.

Kama ulipungukiwa kidogo tu, una kredi mbili na ulihitaji tatu, kurisiti ni njia kamili kabisa. Ifanye ukiwa na kitu kingine mkononi, kozi fupi au kazi ya nusu siku, na jisajili mapema, kwa sababu usajili wa watahiniwa wa kujitegemea huanza miezi ya mwanzo ya mwaka wakati wengi bado wanalia na matokeo.

Na kama mzazi na mtoto hawakubaliani, kaeni na mstari wa matokeo, mwongozo wa NACTVET, mwongozo wa TCU na karatasi ya hesabu za nyumbani. Mtoto aseme kwanza. Mpeni siku chache aende kuongea na mtu mmoja aliyepita kila njia, kisha mrudi mezani kabla dirisha la kubadili machaguo halijafungwa.